Makombo

Jaagup ana urefu wa shibiri moja na nusu.
Mifupa yake ni waya, nyama yake sponji,
koti lake nililikata kwenye soksi ya mpangaji aliyehama.
Ni mpiga kengele wa stesheni isiyo na treni,
na leo, chini ya taa mbili zinazonichoma masikio,
ninampa barua.

Sekunde moja, mikao kumi na miwili.
Nasogeza, narudi nyuma, nabonyeza.
Nasogeza, narudi nyuma, nabonyeza.
Nje, Tallinn inafunikwa na theluji. Tramu zinatikisa sakafu,
nami nazisubiri zipite
kama mtu anayesubiri kikohozi cha jirani kiishe.

Siku nne. Jaagup anafungua barua,
anasoma kwamba mwanawe haji,
anainamisha kichwa.
Basi.

Bi Urve anatazama akiwa wima, koti bado mwilini.
"Anasoma," anasema.
"Ndiyo, anasoma."
"Anasoma tu. Tangu lini mtu akafanya jambo moja tu?
Hata maiti huota ndevu."

Nikampa kifungo,
kifungo cha koti kinachoning'inia kwa uzi mmoja,
na kidole gumba cha kukizungusha, kukizungusha.
Nilikipenda kifungo kile. Nikakipaka rangi nyekundu.
Siku tatu nyingine.
Bi Urve akatazama, akacheka kwa puani:
"Barua iko wapi? Mimi nimeona kifungo.
Umemwalika mpambe, kaja amevaa shela la bibi harusi.
La pembeni likae pembeni.
Liseme lile ambalo uso umekataa kulisema,
kisha linyamaze."

Niliitikia kwa kichwa, nikijifanya nimeelewa,
na mkono wangu (hili nimelikumbuka baadaye)
ulikuwa ukifunga na kufungua kifuniko cha gundi.

Alhamisi simu ililia jikoni.
Ilikuwa hospitali, kuhusu Vaike, dada yake.
"Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Saa ngapi? Ndiyo."
Sauti imenyooka kama rula. Uso mkavu.
Lakini mkono wa kushoto ulikwenda mezani peke yake,
kwenye makombo ya mkate mweusi wa asubuhi.
Kati ya ndiyo na ndiyo kidole kikagusa ulimi,
kikanasa kombo moja,
kikaliweka ukingoni mwa sahani.
Jingine. Jingine.
Mpaka meza ikawa kama haijawahi kuliwa juu yake.
Kisha akaliona moja lililosalia.
Akalifunika kwa kiganja.
Hakuliokota.

Niliona haya, nimesimama mlangoni na kikombe changu.
Dalili ya mvua ni mawingu, sawa,
lakini ipo mvua inyeshayo ndani ya nyumba iliyofungwa,
na dalili yake ni kidole.
Niliona haya, na bado nilihesabu, kama mwizi ahesabuvyo
hatua za mlinzi:
tisa kwenda, tano kutua, kiganja kumi na sita.

Usiku ule nilikwangua kizibo cha chupa kikawa vumbi,
nikalinyunyiza mezani kwa Jaagup.
Barua mkono wa kulia, macho kwenye barua.
Mkono wa kushoto, mbali na taa, unaokota.
Kichwa nilikipa likizo; hakikuinama hata kidogo.

Alirudi Jumanne, baada ya mazishi,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake.
Nilimwonyesha. Sekunde kumi na moja.
Akasema nirudie. Nikarudia.
Tramu ikapita chini yetu, hakuna aliyesogea.
Nilingoja anizabe kofi, au anikumbatie;
vyote viwili nilikuwa nimejiandalia.

"Kile kiganja cha mwisho," alisema,
"kimezidi fremu mbili. Toa mbili."
"Nitatoa."
"Usisahau."

Na muda wote huo alikuwa ameshika bega la Jaagup,
kwa vidole viwili, akilipangusa koti lake
vumbi ambalo halikuwepo.